Fainali Tatu Zilizowatenga Henin na Clijsters

Justine Henin aliiacha tenisi akiwa na mataji saba makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, yaani ya yale mashindano manne makuu ya kila mwaka: Australia (Melbourne), Paris, Wimbledon na New York. Kim Clijsters aliiacha akiwa na manne. Kwa watu wengi hesabu hiyo inatosha kuufunga mjadala, na mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenizoesha kuutazama mchezo huu tangu alipofunga dishi nyumbani kwake Chumbageni, Tanga, huufunga kwa swali moja tu: "Mpwa wangu, kabatini mna mataji saba au mna manne?" Mimi sibishani na kabati. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba pengo la mataji matatu kati ya wanawake hawa wawili wa Ubelgiji lilichimbwa ndani ya muda wa miezi minane tu, kuanzia Juni 2003 hadi mwisho wa Januari 2004, pale walipokutana katika fainali tatu kubwa na Henin akazishinda zote. Zigeuze fainali hizo tatu, uache kila kitu kingine kama kilivyo, na hesabu inakuwa saba za Clijsters na nne za Henin. Sijui jozi nyingine ya wachezaji wakubwa ambayo mizani yake imeegemea mahali pembamba kiasi hicho.

Mtu wa Tanga hatashangaa sana kwamba mahali padogo panaweza kuzaa wapinzani wawili wakubwa kwa wakati mmoja. Mji wetu una klabu mbili za soka, Coastal Union na African Sports, na ukikaa uwanja wa Mkwakwani siku zinapokutana utaona jinsi watu wa familia moja wanavyoweza kukaa pande mbili za jukwaa. Ubelgiji, kabla ya wasichana hawa, haikuwa imewahi kupata bingwa wa taji kubwa la tenisi la mchezaji mmoja mmoja, kisha ikapata wawili waliopishana mwaka mmoja tu kwa umri. Henin alizaliwa Liège tarehe 1 Juni 1982, upande wa kusini wanakozungumza Kifaransa. Clijsters alizaliwa Bilzen tarehe 8 Juni 1983, upande wa Limburg wanakozungumza Kiholanzi. Hivyo ubishi wao ulikuwa pia na rangi ya lugha na ya upande wa nchi, ingawa wenyewe waliichezea timu moja ya taifa iliyotwaa Kombe la Shirikisho la wanawake mwaka 2001. Nitaongeza jambo moja kwa ajili ya wapenzi wa soka tu: baba yake Clijsters, Lei, alikuwa beki wa KV Mechelen iliyotwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1988, mwaka uleule ambao Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania. Mjomba huikumbuka miaka yote kwa kuilinganisha na ule.

Malezi yao yalitofautiana kwa namna inayoonekana hata katika uchezaji. Clijsters alikulia katika nyumba ya wanamichezo, kwani mama yake naye alikuwa mchezaji wa mazoezi ya viungo, na kutoka huko alirithi ule uwezo wa kuteleza na kupasua miguu hadi chini kwenye uwanja mgumu ili kuufikia mpira ambao mwenzake angekuwa amekwisha kuuaga. Henin alimpoteza mama yake akiwa na miaka 12. Mama huyo ndiye aliyempeleka Paris mwaka 1992 kuitazama fainali ya Monica Seles na Steffi Graf, na binti alitoka pale akisema kwamba siku moja naye atacheza katika uwanja ule. Tangu ujana wake alikuwa chini ya kocha mmoja, Carlos Rodríguez kutoka Argentina, ambaye walidumu naye karibu maisha yake yote ya mchezo. Mmoja alikuwa mchangamfu, mwenye kupendwa na kila mtu katika vyumba vya wachezaji. Mwingine alikuwa mtu wa kujifunga, anayekwenda uwanjani kama anayekwenda kazini.

Henin alikuwa na urefu wa mita 1.67 tu, katika zama ambazo tenisi ya wanawake ilikuwa inatawaliwa na nguvu za akina Venus na Serena Williams. Silaha yake ilikuwa pigo la mkono mmoja kwa upande wa kushoto, ambalo wengi wanalihesabu kuwa miongoni mwa mapigo mazuri kuliko yote katika historia ya mchezo huu. Aliweza kulipiga likiruka juu kwa mzunguko mwingi, au kuukata mpira ukateleza chini, au kulinyoosha kandokando ya mstari bila mpinzani kulitarajia. Mkono mmoja huo, katika wakati ambao karibu wanawake wote walitumia miwili, ndio uliomfanya hata mtu asiyejua kuhesabu pointi atulie mbele ya televisheni. Clijsters alikuwa mrefu zaidi, mwenye mapigo mazito na bapa kwa pande zote mbili, na mkimbiaji ambaye hakuna aliyependa kukutana naye. Ukinitaka nichague uchezaji wa kutazama, nitamchagua Henin bila kusita.

Sasa tuje kwenye miezi ile minane. Ili kuielewa, lazima mtu aanzie nyuma kidogo, Juni 2001, ambapo Clijsters, akiwa ametimiza miaka 18 siku moja kabla, alicheza fainali ya Paris dhidi ya Jennifer Capriati. Katika nusu fainali alikuwa amemtoa Henin kwa 2-6, 7-5, 6-3 (namba hizi ni gemu za kila seti, na anayetangulia kushinda seti mbili ndiye mshindi). Fainali yenyewe alianza kwa kushinda seti ya kwanza 6-1, akapoteza ya pili 6-4, na ya tatu ikaenda hadi 12-10 kwa Capriati. Kwa msichana wa umri ule ilionekana kuwa ahadi: atarudi, na atashinda. Lakini Januari 2003, katika nusu fainali ya Australia, aliongoza 5-1 katika seti ya tatu dhidi ya Serena Williams, akapata pointi mbili za kumaliza mchezo, kisha akapoteza gemu sita mfululizo. Kuanzia hapo wapinzani wake walijua jambo ambalo pengine yeye mwenyewe hakutaka kulijua, yaani kwamba anaweza kufikishwa mlangoni na akashindwa kuufungua.

Wakati huohuo Henin alikuwa amekwenda Florida, mwishoni mwa mwaka 2002, kujengwa mwili na mkufunzi Pat Etcheberry. Aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Mwili mdogo ulikuwa uleule, lakini sasa ulikuwa na misuli na pumzi za kumfikisha seti ya tatu bila kuzimia.

Fainali ya kwanza ilikuwa Paris, tarehe 7 Juni 2003, na haikuwa mchezo wa kusimulia kwa urefu: Henin alishinda 6-0, 6-4, akawa Mbelgiji wa kwanza kutwaa taji kubwa la mchezaji mmoja mmoja. Kilichozungumzwa zaidi ni nusu fainali yake dhidi ya Serena. Serena akiwa mbele kwa gemu 4-2 katika seti ya tatu, na kwa pointi 30-0 katika gemu iliyokuwa ikichezwa, Henin aliinua mkono kuashiria kwamba hayuko tayari. Serena akaanzisha mpira ukagonga wavu, akaomba arudie, na Henin hakumwambia mwamuzi kwamba ni kweli alikuwa ameinua mkono. Miaka mingi baadaye alikiri. Mjomba, mtetezi wake mkubwa, huniambia kwamba mwamuzi ndiye mwenye kazi ya kuona. Mimi naona doa hilo halifutiki, ingawa pia naona kwamba mkono mmoja haukumpa gemu zote alizoshinda baadaye hadi 7-5.

Agosti mwaka huohuo Clijsters alipanda kuwa namba moja duniani bila kuwa na taji kubwa hata moja la mchezaji mmoja mmoja, jambo lililozua kelele nyingi. Kelele hizo hazikuwa za haki kabisa, kwa sababu alikuwa ametwaa michuano ya kufunga msimu mwaka 2002, akaitwaa tena mwishoni mwa 2003, na upande wa wachezaji wawili wawili alikuwa ameshinda Paris na Wimbledon mwaka uleule pamoja na Ai Sugiyama wa Japani. Hata hivyo orodha ya ubora hupima uthabiti wa mwaka mzima, na watu hukumbuka fainali.

Fainali ya pili, New York, ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha jambo lote. Usiku uliotangulia, Henin alikuwa amecheza nusu fainali na Capriati kwa zaidi ya saa tatu, akashinda 4-6, 7-5, 7-6 baada ya saa sita za usiku, na mara kadhaa Capriati alikuwa amebakiza pointi mbili tu kushinda. Misuli yake ilikaza, akatundikiwa dripu, na hakuna aliyekuwa na hakika kama atasimama siku ya pili. Clijsters alikuwa amepumzika, alikuwa namba moja, na uwanja mgumu ulikuwa uwanja wake. Fainali ile ilichezwa usiku wa kule, maana yake kwetu huku pwani ilikuwa inakaribia adhana ya alfajiri, na waliobaki macho walitarajia Clijsters amkimbize mgonjwa hadi achoke. Wakafika 5-5 katika seti ya kwanza. Henin akaichukua 7-5, na ya pili akaimaliza 6-1. Kwa maoni yangu hakuna mchezo mwingine unaoeleza vizuri zaidi tofauti yao ya wakati ule: Henin alikuwa na sababu zote za kushindwa na hakuzitumia.

Fainali ya tatu, Melbourne, Januari 2004, ilikuwa ya karibu kuliko zote. Henin alishinda 6-3, 4-6, 6-3. Clijsters alikuwa nyuma 3-4 katika seti ya mwisho na yuko ukingoni mwa kusawazisha wakati mpira wake mmoja alioupiga karibu na wavu ulipotangazwa kuwa umetoka, uamuzi ambao mashabiki wake hawajausahau. Kamera za kuhakiki mstari zilianza kutumika katika mataji makubwa mwaka 2006, kwa hiyo wakati huo hapakuwa na mahali pa kukata rufaa. Ndugu mmoja wa barazani kwetu hudai kwamba mpira ule peke yake unatosha kumpunguzia Henin taji moja. Hilo siliafiki. Aliyeongoza kwa sehemu kubwa ya mchezo ule alikuwa Henin, na hakuna anayejua kwamba 4-4 ingeishia wapi.

Baada ya hapo wote wawili waliugua au kuumia. Clijsters alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono wa kushoto. Henin alishikwa na maradhi ya virusi yaliyomnyang'anya nguvu kwa miezi, akatolewa mapema Paris 2004, kisha akajikokota hadi Athens na kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Katika nusu fainali ya Olimpiki alikuwa nyuma 1-5 katika seti ya tatu dhidi ya Anastasia Myskina, aliyekuwa bingwa mpya wa Paris, akashinda 8-6. Kumbuka kwamba hiyo ndiyo alama ileile ambayo Clijsters alikuwa nayo dhidi ya Serena, ila hapa aliye nyuma ndiye Mbelgiji.

Mwaka 2005 ukaonyesha kwamba Clijsters hakuwa mtu wa kushindwa milele. Alirudi akiwa ameporomoka katika orodha ya ubora, akashinda Indian Wells na Miami kwa mfululizo, na Septemba akatwaa New York kwa kumfunga Mary Pierce 6-3, 6-1. Aliyeona sura yake siku ile alijua kwamba mzigo umeshuka. Hata hivyo ulipofika mwaka 2006 walikutana tena katika nusu fainali za Paris na Wimbledon, na Henin akashinda zote mbili. Mwaka ule Henin alifika fainali zote nne kubwa na kushinda moja tu, ya Paris; ile ya Australia aliiacha katikati dhidi ya Amélie Mauresmo akilalamika tumbo, na akalaumiwa sana kwa kutomwachia mwenzake ushindi kamili.

Kuhusu Henin wa 2007, sina la kupunguza. Alitwaa mataji kumi, mawili kati yake ni Paris na New York bila kupoteza seti hata moja, na alimtoa Serena katika robo fainali za Paris, Wimbledon na New York. Huko New York alimfunga Serena, kisha Venus, kisha Svetlana Kuznetsova kwenye fainali. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuna zaidi ya dola milioni tano za zawadi kwa mwaka mmoja. Mwaka huo Clijsters hakuwepo tena, kwa kuwa Mei 2007 alikuwa ameshatangaza kustaafu akiwa na miaka 23, mwili umechoka na harusi inakaribia. Kwa hiyo mataji mawili ya Henin ya 2007 yalipatikana bila Clijsters njiani, na hapa ndugu wa barazani huona mwanya wa kupenya. Jibu langu ni kwamba aliyemfunga Serena mara tatu katika mashindano makubwa ya mwaka mmoja hahitaji kuombewa udhuru.

Kisha tarehe 14 Mei 2008, wiki chache kabla ya kwenda kutetea taji la Paris alilokuwa amelitwaa mara tatu mfululizo, Henin alisema basi. Alikuwa namba moja, mwanamke wa kwanza kustaafu akiwa katika nafasi hiyo, na aliomba jina lake liondolewe kwenye orodha. Alikuwa na miaka 25.

Na hapa ndipo safari zao zinapoachana kwa namna ambayo hesabu ya saba na manne haiionyeshi. Clijsters alijifungua binti mwaka 2008, akampoteza baba yake Januari 2009, na Agosti mwaka huohuo akarudi uwanjani. Katika mashindano yake ya tatu tu tangu arudi, akiwa hana hata nafasi kwenye orodha na ameingia kwa mwaliko wa waandaaji, alishinda New York. Alimtoa Venus, akamtoa Serena katika nusu fainali iliyokwisha kwa pointi ya adhabu baada ya Serena kumfokea mwamuzi wa mstari, na akamfunga Caroline Wozniacki 7-5, 6-3. Hakuna mama aliyekuwa ametwaa taji kubwa tangu Evonne Goolagong Cawley, Wimbledon 1980. Shangazi yangu, ambaye hawezi kutofautisha seti na gemu, hadi leo humwita Clijsters "yule mama mwenye mtoto uwanjani", na hilo ndilo jina pekee la tenisi lililoingia jikoni kwetu.

Henin naye alirudi Januari 2010, na sababu yake ilijulikana: Wimbledon. Alikuwa amecheza fainali mbili pale, 2001 na 2006, akazipoteza zote, na hilo ndilo taji kubwa pekee lililomkosa. Clijsters hakuwahi kufika fainali ya Wimbledon ya mchezaji mmoja mmoja. Kurudi kwa Henin kulianza kwa kishindo: fainali ya Brisbane dhidi ya Clijsters mwenyewe, aliyoipoteza katika seti ya tatu kwa 7-6, na fainali ya Australia aliyoipoteza kwa Serena. Miami walikutana tena, na tena Clijsters akashinda 7-6 katika seti ya tatu. Aliyekuwa akishindwa kufungua mlango mwaka 2003 sasa ndiye aliyekuwa akiufunga.

Raundi ya nne ya Wimbledon 2010 waliingia uwanjani wakiwa sawa, kila mmoja na ushindi 12. Henin alichukua seti ya kwanza 6-2, lakini katika seti hiyohiyo aliteleza kwenye nyasi na kuangukia kiwiko cha mkono wa kulia, ule wa raketi. Clijsters akashinda mbili zilizofuata 6-2, 6-3. Hivyo rekodi yao ya ana kwa ana ikafungwa kwa 13 za Clijsters na 12 za Henin, na kiwiko kile hakikupona tena kwa kiwango cha kucheza. Mjomba husema kwamba ushindi wa kumi na tatu ulipatikana kwa mtu mwenye mkono mmoja. Namwambia kwamba ule wa New York 2003 ulipatikana na mtu aliyetoka kwenye dripu, kwa hiyo tuache hesabu za wagonjwa.

Ukinibana nitoe hukumu, nitamweka Henin mbele, kwa sababu ya wiki 117 akiwa namba moja dhidi ya wiki 20 za mwenzake, kwa sababu ya mataji manne ya Paris, na kwa sababu fainali zile tatu hazikugeuzwa. Mataji ya jumla hayasaidii sana kuamua, kwa kuwa Henin ana 43 na Clijsters 41, na michuano ya kufunga msimu Clijsters anaongoza kwa tatu dhidi ya mbili. Lakini namweka mbele kwa hatua moja, na si kwa umbali ambao mjomba anauona kabatini.

Septemba 2010 Clijsters alitwaa New York kwa mara ya tatu, akimfunga Vera Zvonareva, yuleyule aliyemtoa Wimbledon siku chache baada ya mchezo wake na Henin. Januari 2011, Melbourne, Henin alipoteza katika raundi ya tatu kwa Kuznetsova, na tarehe 26 akatangaza kwamba kiwiko kimemshinda na safari hii haondoki ili arudi. Siku tatu baadaye, katika mashindano hayohayo, Clijsters alipoteza seti ya kwanza ya fainali kwa Li Na, 3-6, kisha akashinda mbili zilizofuata 6-3, 6-3, likawa taji lake kubwa la nne na la kwanza nje ya New York.